Boga ni Kofia

Wako watu watakaokuambia kwamba Binamu Boga alikuwa kofia tu: kofia ya ukindu iliyotoboka juu, ndevu za sufu ya kondoo, jino moja lililopakwa masizi, na suruali ambayo wangeingia wawili na nafasi ikabaki. Mtu akikuambia hivyo, muulize hiyo kofia ilijifunza wapi kupiga gitaa. Muulize ilikuwa kichwani mwa nani siku ilipovumbua kukimbiza nyuzi kwa vidole vitatu, wakati wapigaji wote wa gitaa la kulaza, kutoka Virginia mpaka Kentucky huko Marekani, walikuwa wakiburuta chuma juu ya nyuzi kama mchukuzi anayeburuta gunia. Leo hii, katika muziki ule wa milimani ambao watu wa mjini wameupa jina la bluegrass, hakuna mpigaji wa gitaa hilo asiyepiga kama Boga. Muulize kajifunza kwa nani, atakujibu: kwa Boga. Boga yupi? Hapo atakukodolea macho.

Boga wa kwanza alikuwa Hobert Rasnake wa Bonde la Caney. Mchana huo wa Februari alikuwa ameketi jikoni kwa mama yake, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa shuka kuukuu, akijisikiliza redioni.

"Na sasaaa," mtangazaji wa redio ya mji wa Bristol alikuwa akipayuka, "Everett Stallard na Wana wa Caney, pamoja na yule yule, hakuna mwingine, Binamu Boga!"

Ikafuata sauti ya puani: "Jamani, mke wangu kanituma chumvi tangu Krismasi, na mpaka leo sijapata njia ya kurudi!" Watu wa studio wakaangua kicheko. Utani ule Hobert aliutunga mwenyewe. Kisha likaanza gitaa, na wimbo ulikuwa "Treni ya Makaa", nao pia ni wa Hobert, ila vidole vilikuwa vya Dallas Kiser, mdogo wa mkewe.

Mama Cordie alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Huyo Dallas anakimbia mno," akasema. "Treni yako ilikuwa inapumua ikipanda mlima. Hiyo yake inateremka tu."

"Ndiyo kwanza anaanza, Mama."

"Nasema nilichosikia. Nisogezee bakuli."

Ajabu ni kwamba bibi huyo hakuwa amemwona mwanawe akipiga gitaa hata mara moja. Alikuwa amemsikia tu, kupitia ubao wa ghala, na masikio yake yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote pale Bristol.

Kanisa la Caney lilikuwa la Wabaptisti wa kale, wale wanaoimba kwa koo tupu, bila ala, na sheria yake haikuwa na kona. Kusikiliza miziki ya dunia kulikuwa udhaifu, na udhaifu kila mtu anao. Kuipiga kulikuwa uasi. Na muumini aliyefuga mwasi chini ya paa lake alitengwa, jina lake likafutwa, na siku akifa hakuzikwa kilimani pamoja na wenzake. Baba yake Hobert alikuwa amelala huko kilimani. Ubavuni pake paliachwa nafasi, na Mama Cordie alikuwa akiing'olea magugu kila kiangazi, kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe.

Hobert hakuanza kwa ukaidi. Aliingia mgodini akiwa na vidole kumi vizima, akatoka na vinane. Jiwe la dari lilimponda viwili vya mkono wa kushoto vikakauka vimekunjika, na mtu wa vidole vya namna hiyo hawezi kubana nyuzi za gitaa la kawaida. Ndipo akaagiza lile la kulaza, ambalo nyuzi zake zimeinuliwa juu na tumboni mna sahani kubwa ya bati inayokuza sauti. Unalilaza mbele ya tumbo kama sinia, kushoto unatelezesha kipande cha chuma, kulia unadonoa kwa kucha za bati. Mama yake alipoliona akasimama mlangoni.

"Ghalani fanya utakavyo," alisema. "Kizingiti changu hicho kitu hakivuki."

Basi ghalani, kati ya mahindi na panya, Hobert alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa. Alichukua mdundo wa banjo, ule wa vidole vitatu vinavyofukuzana, akauhamishia kwenye gitaa lililozoea kulialia tu. Wenye banjo walimcheka. Wenye magitaa walimwambia haiwezekani. Everett Stallard, aliyekuwa na bendi na sauti nzuri na meno mengi, alimsikia mara moja, akamwajiri siku hiyo hiyo.

Habari ikafika kanisani kwamba mtoto wa Cordie anashinda Bristol na wapiga muziki. Dada mmoja wa kanisa akamuuliza Mama Cordie baada ya ibada, kijana anafanya nini huko? Naye akajibu palepale, uso mkavu, "Anawaendeshea gari."

Hobert aliposikia uongo huo akaulinda kama mali ya urithi. Ndiyo maana ya ndevu. Ndiyo maana ya masizi na ile sauti ya puani. Wachekeshaji wengine walijipaka ili wachekeshe. Hobert alijipaka ili mama yake azikwe pale anapotaka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu kutoka Caney mpaka Bristol, na kwa miaka minne ilipitika bila mtu kuteleza.

Kisha gari likateleza. Theluji ilikuwa imeganda barabarani juu ya Sandy Ridge, na Everett ndiye aliyekuwa usukanini, maana dereva wa bendi, kama unavyojua, alikuwa kiti cha nyuma amekumbatia gitaa. Gitaa halikupata mkwaruzo. Mfupa wa bega ulivunjika mara mbili.

Everett alikuja Caney na paja zima la nguruwe lililokaushwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Ndugu yangu," alisema, "nafasi yako ni yako. Hata ukae mwaka. Ila redio haijui kungoja. Nipe mtu wa kuishika tu, aishike tu, mpaka upone."

"Mtu gani? Hakuna anayepiga hivyo."

"Dallas je?"

Dallas alikuwa akipiga besi katika bendi hiyo hiyo. Wazazi wake walipofariki, Hobert na mkewe Verna walimchukua akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, wakamlea mpaka ndevu zikamwota. Kumfundisha hakukuwa na shaka yoyote. Kwa wiki kadhaa walikaa ghalani wawili hao, Hobert mkono kifuani, akimwimbia kijana kila mdundo kwa mdomo, taka-ti-ta, taka-ti-ta, akimgonga gotini anapokosea.

Hakuficha kitu, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia. Wapigaji wengine wa milimani walikuwa wakimpa kisogo mtu anayewatazama vidole, wasije wakaibiwa. Hobert alimpa shemeji yake nyimbo, utani, sauti ya puani. Mwishowe Dallas akalalamika kwamba chuma chake ni chepesi, kinarukaruka. Hobert akatoa chake mfukoni, kile kizito, kilicholainika kwa jasho lake mwenyewe, akampa.

Verna alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. "Na hicho pia?"

"Atanirudishia."

"Ni mdogo wangu na ninampenda," Verna alisema, "lakini mtu hatoi mpaka kijiko chake."

Hobert akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka siku zile.

Aprili, bega likashika. Alinyoa, akavaa shati jeupe, akapanda basi na gitaa lake mpaka Bristol. Everett alikuwa kwenye korido ya studio, chupa ya soda mkononi.

"Hobert! Umenona, bwana! Maharagwe ya Mama Cordie si mchezo!"

"Nimepona. Nimekuja kazini."

Everett akaitazama ile soda kana kwamba kuna inzi ndani. "Unajua, ndugu yangu, wenye kampuni ya unga wanaotulipia kipindi wamefurahi sana. Barua zinamiminika. Wanampenda Boga."

"Vizuri. Mimi ndiye Boga."

"Hapana, hapana, hapo ndipo tunapopotezana. Wewe ni Hobert. Boga ni kofia. Kofia nilinunua mimi, ndevu kashona mke wangu, jina liko kwenye mabango yangu. Nani anaingia ndani ya kofia, hayo ni mambo ya bendi."

"Na vidole? Vidole navyo kashona mkeo?"

Everett akapiga funda la soda. Nyuma yake, kwenye kreti lililopinduliwa, Dallas alikuwa akijivika kucha za bati, polepole kuliko inavyohitajika. Kile chuma kizito kilikuwa juu ya goti lake.

"Dallas," Hobert akaita. "Mwambie."

"Shemeji, si mimi niliyeamua."

"Sikukuuliza nani kaamua. Nimesema mwambie."

"Nimwambie nini?" Kijana alizungumza haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi. "Nina mchumba sasa, shemeji. Bega lako baridi likija halijulikani. Nikirudi kwenye besi halafu wewe ukaumia tena, si tutakuwa tumekosa wote wawili? Mimi nakutunzia tu. Kila nikipiga, si ni wewe unayesikika?"

"Basi nirudishie chuma changu."

Dallas akaangalia sakafu. "Nimekwisha kukizoea."

Hobert akashindwa hata kutukana. Everett, ambaye hakupenda kumwona mtu akihuzunika mbele yake, akamshika mkono kwa upole kabisa.

"Simtupi mtu, mimi. Usukani siuwezi, umeona mwenyewe kule mlimani. Nahitaji dereva, Hobert. Kweli nahitaji."

Wala hakuwa akitania.

Hobert alitoka akalia mtaani, mtu mzima, mbele ya duka la viatu, gitaa mgongoni na watu wakipita. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu, Hobert mwenyewe ndiye aliyemvalisha nguo kwa mikono yake. Chuma, wimbo, nafasi, hata jina. Kilichobaki ni kazi ambayo uongo wa mama yake ulikuwa umempa kitambo.

Mei mwanzoni bango likabandikwa kwenye mti mbele ya duka la Caney: Everett Stallard na Wana wa Caney, pamoja na Binamu Boga, ukumbi wa shule, Jumamosi alasiri, kuchangia paa la shule. Hobert alilisoma, akarudi nyumbani karibu anakimbia. Bristol hawakumjua. Hapa alizaliwa. Hapa, akisimama akasema mimi ndimi, wangemsikiliza, iwapo tu mtu mmoja angesimama naye. Everett hangeweza kumkana mbele ya bonde zima kisha aendelee kulitumia jina la bonde hilo kwenye bendi.

Alimkuta mama yake akikanda unga wa mkate wa mahindi.

"Mama, Verna wakimuuliza watasema ni mke wangu na dada wa Dallas, neno lake halina uzito. Wewe watakuamini. Hakuna mtu Caney asiyekuamini."

Mikono ya Mama Cordie ikasimama ndani ya bakuli. "Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Baba yako yuko kule kilimani."

"Najua, Mama. Nisingekuomba kama ningekuwa na kitu kingine. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya mimi mwenyewe. Wamenivua, nikiwa nawatazama."

Alikanda mpaka sufuria ikaanza kuchemka. "Nitakuja," akasema.

"Na wakikuuliza?"

"Mimi sisimami mbele za watu nikadanganya, Hobert."

Aliichukua kuwa ni ahadi. Wewe ungeichukuaje?

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wachimba makaa walikuja wakiwa wamejisugua shingo zikawa nyekundu. Vijana wawili watatu walikuja na magitaa yao wenyewe, wameinua nyuzi kwa misumari wapate kupiga kama Boga. Waumini walijaa viti vya nyuma, wamekuja kuona dhambi inafananaje, na walileta karanga. Mzee Burl Deel, kiongozi wa kanisa, aliketi benchi la mbele kwa sababu wajukuu zake walisoma pale na paa lilikuwa likiwavujia. Mama Cordie aliketi katikati, kofia yake nyeusi ya ibada imefungwa kidevuni. Verna alikuwa kando yake, na Hobert mwisho wa benchi, gitaa ndani ya blanketi.

Bendi ikaingia. Ilikuwa na maikrofoni moja tu, kama bendi zote za wakati ule, na hapo ndipo palikuwa na ufundi wao mkubwa kuliko hata kupiga. Watu watano wanazunguka chuma kimoja bila kugongana. Mwenye fidla anaingia, anapiga zamu yake, anatoka kiubavu. Wa banjo anapenya chini ya kwapa lake. Mwenye gitaa la kulaza anainua gitaa lake mpaka karibu na kidevu, na kiongozi anarudi nyuma hatua moja kumpisha. Hatua hiyo ni heshima. Anayepishwa anasikika, na asiyepishwa ni mtu anayetingisha vidole tu. Kwa miaka minne Everett alimpisha Hobert bila hata kumtazama.

Boga akaingia mwisho, suruali ikimporomoka, jino jeusi. "Jamani, mke wangu kanituma chumvi..."

"Huyo si Boga!"

Hobert alikuwa amesimama. Na hili ndilo kosa lake, nalisema kwa uchungu: alisimama wakati wa utani. Kila mtu milimani alijua kwamba wachekeshaji hupenda kumweka mwenzao kati ya watazamaji azue zogo. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Oho!" Everett akasema kwenye maikrofoni. Uso wake ulipauka kidogo tu, kisha meno yakatokea. "Kumbe Boga limezaa shambani! Njoo, baba, njoo juu! Tuone lipi boga, lipi tango!"

"Ni yeye!" Verna akapiga kelele. "Mume wangu ndiye Boga! Dallas, sema!"

"Mama, hata mimi mke wangu ananiita majina mengi!" Everett akajibu.

Wakacheka tena. Dallas, nyuma ya sufu yake, akatoa ile sauti ya puani: "Mimi Boga tangu nilipochumwa, mama." Lakini hakumtazama dada yake.

Hobert akapanda jukwaani. Hakuwa na chuma. Alitoa kisu chake cha mfukoni, akakifunga, akakilaza juu ya nyuzi kwa mgongo. Alisema moyoni, wacha nipige tu. Wakinisikia watajua. Akaanza "Treni ya Makaa" kutoka kule chini bondeni, polepole, ikivuta pumzi, kisha akainua gitaa kuelekea maikrofoni.

Everett hakurudi nyuma.

Alisimama pale pale, kifua mbele, akitabasamu na kupiga gitaa lake kwa nguvu zote. Banjo ikaongeza, fidla ikaongeza. Watu waliona mtu mwenye shati jeupe amekunja uso akitekenya nyuzi, wasisikie kitu. Alijaribu kushoto, bega la Everett lilikuwa pale. Alijaribu chini ya kwapa, kiwiko. Kisha Dallas akasogea, na Everett akampisha laini kabisa, na treni ikatoka ndani ya maikrofoni ikiteremka kwa kasi. Ukumbi ukashangilia. Wale vijana wenye magitaa wakasimama juu ya benchi wamwone Boga vizuri.

Hobert aliinyakua maikrofoni kwa mkono wake mbovu.

"Mama! Waambie!"

Kelele zikafa moja moja. Vichwa vikageuka. Hata karanga zikasimama. Kwa mara ya kwanza alasiri ile Everett alionekana mwenye hofu, kisha akavua kofia.

"Mama Cordie, heshima yako. Neno lako litatutosha sote. Mwanao huyu anafanya kazi gani?"

Alisimama. Alikuwa mfupi, hivyo kusimama kwake hakukubadilisha sana kimo chake. Alimtazama mwanawe. Hobert alimtikisia kichwa kidogo, kama unavyomtia moyo mtoto anayekariri mstari. Katika benchi la mbele Mzee Burl Deel akageuka mzima mzima, mkono juu ya kiegemeo, akasubiri.

Mama Cordie akashika riboni za kofia yake.

"Mwanangu ni dereva," akasema. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kitu kikiwa kibichi, akaongeza, "Anawaendeshea hawa gari. Aliumia bega kwenye ajali. Na kichwa pia, nadhani."

Akaketi.

Kicheko cha siku ile bado kinakumbukwa Caney. Everett akampiga Hobert begani, palepale palipovunjika. "Tumshangilie dereva wetu, jamani!" Wakamshangilia. Nani kama mama, watu husema, na ni kweli: Everett na Dallas hawakuweza kummaliza, mpaka yeye alipofungua kinywa.

Jumapili hawakusemezana. Jumatatu Verna alikuwa chumbani akifunga masanduku. Kesho yake wangepanda basi kwenda Dayton, Ohio, kutafuta kazi ya kiwanda kama nusu ya bonde lilivyokwisha kufanya. Saa sita mchana Mama Cordie alijipangusa mikono, akafungua redio kama kawaida. Binamu Boga akatafuta chumvi. Treni ikaondoka.

Alisikiliza mpaka katikati.

"Anakimbia mno," akasema.

Hobert akainuka. Alitoka, akaenda ghalani, akarudi na gitaa. Akavuka nalo kizingiti, akavuta kiti, akalilaza mapajani, hapo hapo kando ya sahani za maharagwe. Mama yake alimtazama muda mrefu. Kisha akaenda akafunga dirisha, akafunga mlango, akashusha pazia, akazima redio. Akaketi mbele yake, mikono mapajani.

"Haya, piga, mwanangu," akasema. "Sijawahi kukuona."

Mimi ningeondoka. Mimi ningemwachia dirisha lake lililofungwa na kilima chake. Lakini Hobert alitaka kusikiwa, alitaka mno, na katika dunia nzima palikuwa na sikio moja tu lililojua tofauti. Akachukua kisu cha mezani, akaanza. Treni ikajikusanya chini bondeni, ikashika mlima, ikapumua kila kona. Bega lilimuuma, naye akaliacha liume. Hakuwa amewahi kupiga vile, wala Bristol wala popote. Mama Cordie alikuwa akilia bila sauti, na vidole vyake vitatu vilikuwa vikigonga goti, taka-ti-ta, bila kukosea hata mara moja.

Mlango ukabishwa.

"Dada Cordie! Upo?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Burl. Hobert alitaka kuacha, lakini mama yake alimpungia mkono kwa nguvu: endelea, endelea. Kunyamaza ghafla kungekuwa kukiri. Akajifuta uso kwa aproni, akafungua mlango upana wa uso wake tu.

"Nimekuja kukushukuru, dada," Mzee Burl akasema. "Juzi pale shuleni. Si kila mama angeweza kusema kweli mtoto wake akimwomba uongo mbele ya watu wote."

"Bwana alinisaidia, Mzee Burl."

Treni ilikuwa karibu na kilele.

"Naona una redio," mzee akasema.

"Ni udhaifu wangu."

"Sote tuna udhaifu." Mzee alisimama akisikiliza, kofia mkononi. "Ni yule Boga?"

"Ndiye," akasema Mama Cordie. "Ni Boga."

"Leo anapiga, huyo. Sijawahi kumsikia akipiga hivi."

Hobert akainua kisu kutoka kwenye nyuzi.

"Mbona kimya?" akauliza Mzee Burl.

"Betri," Mama Cordie akajibu. "Zimekwisha."